Wangila: Kutoka dhahabu ya Seoul hadi mauti ya Las Vegas

KATIKA historia ya michezo ya Afrika Mashariki yapo majina ambayo vijana wa leo huyasikia kwa nadra, na hata wakiyasikia hawajui wayaweke wapi. Moja ya majina hayo ni la Robert Napunyi Wangila wa Kenya. Huyu ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa medali ya dhahabu ya ngumi katika Michezo ya Olimpiki. Aliitwaa mwaka 1988 akiwa na umri wa miaka 21. Miaka sita haijatimia, akafariki dunia kwa jeraha la ubongo alilolipata ulingoni.

Nimeamua kuandika habari zake wiki hii kwa sababu mbili. Kwanza, hapa Uyole ninapoishi, na nadhani ndivyo ilivyo katika miji mingi ya nchi yetu, ngumi zimekuwa gumzo la vijana kuliko miaka ya nyuma. Pili, kila mzungumzaji huwatajia vijana hao wale waliofanikiwa tu. Hakuna anayewaeleza habari za yule aliyefanikiwa kuliko wote, kisha mafanikio yenyewe yakamfikisha pabaya.

Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba, 1967. Kenya ya wakati huo ilikuwa ikijijengea jina katika ngumi za ridhaa. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, Philip Waruinge alipata medali ya shaba huko Mexico, na mwaka 1972 mjini Munich akapata ya fedha. Vilabu vya jeshi, polisi, magereza na mashirika mbalimbali vilikuwa na mabondia wao, na mitaa ya Nairobi ilikuwa na kumbi ambazo mtoto asiye na kitu aliweza kuingia, akafundishwa kusimama, kukwepa na kupiga. Kwa vijana wengi wa mitaa ile, ngumi zilikuwa mlango wa ajira. Ukipiga vizuri, taasisi inakuchukua, unapata mshahara na mahali pa kulala.

Hata hivyo, dhahabu ya Olimpiki ilikuwa bado haijapatikana, si kwa Kenya wala kwa nchi nyingine ya Waafrika weusi. Tazama orodha yenyewe. Clement Quartey wa Ghana aliishia kwenye fedha mwaka 1960. Mwaka 1968 Joseph Bessala wa Cameroon na Eridadi Mukwanga wa Uganda waliishia hapo hapo. Mwaka 1972 ikawa zamu ya Leo Rwabwogo wa Uganda na Waruinge mwenyewe. Mwaka 1980 John Mugabi wa Uganda, mwaka 1984 Peter Konyegwachie wa Nigeria. Mlango uligongwa kwa zaidi ya miaka ishirini bila kufunguka. Kenya nayo ilisusia michezo ya mwaka 1976 na ile ya mwaka 1980, hivyo kizazi kizima cha mabondia wake kikazeeka bila kuuona ulingo wa Olimpiki. Waliporejea Los Angeles mwaka 1984, Ibrahim Bilali alirudi na shaba katika uzito wa flai.

Ndipo ikaja Seoul, Korea Kusini, mwaka 1988. Wangila alipigana uzito wa welta, yaani kilo 67. Alipenya hatua za awali, na kwenye nusu fainali mpinzani wake, Jan Dydak wa Poland, hakupanda ulingoni kwa sababu ya majeraha. Fainali ikamkutanisha na Mfaransa Laurent Boudouani. Pambano halikufika mbali. Katika raundi ya pili Wangila alimwangusha Mfaransa yule, na hesabu ikaisha kabla hajawa tayari kuendelea. Wakati ambapo mashindano yale yalikuwa yakilalamikiwa sana kwa majaji kutoa pointi za ajabu, na dunia bado inakumbuka Roy Jones wa Marekani alivyonyimwa ushindi mbele ya bondia mwenyeji, Wangila hakuwaachia majaji kazi yoyote. Alimaliza mwenyewe.

Sisi wa Tanzania Bara wakati huo hatukuwa na televisheni. Habari za Seoul tulizipata kwa redio, tukiwa tumeizunguka kama watu wanaoota moto, na baridi ya Uyole mnaijua. Nakumbuka jinsi jina la Wangila lilivyotajwa pamoja na ya wanariadha Paul Ereng, Peter Rono, Julius Kariuki na John Ngugi. Kenya ilipata dhahabu tano mwaka ule, nne kwa miguu na moja kwa mikono. Chris Sande naye alipata shaba katika ngumi za uzito wa kati. Hata sisi majirani tulitembea vifua mbele, kana kwamba medali zile ni zetu.

Sasa hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo mambo yalipogeukia. Ngumi za ridhaa alizopigana Wangila kule Seoul zilikuwa za raundi tatu, kila raundi dakika tatu. Jumla ni dakika tisa tu kwa pambano zima, tena bondia amevaa kofia ya kinga kichwani. Ngumi za kulipwa ni kazi nyingine kabisa. Kofia haipo. Raundi ni nane, kumi, hadi kumi na mbili. Majaji hawatafuti aliyegusa mara nyingi peke yake, wanatazama nani ameumiza. Na watazamaji wamelipa kiingilio ili waone mtu anaanguka. Kijana anayevuka kutoka ridhaa kwenda kulipwa hudhani anaendelea na mchezo ule ule kwa malipo zaidi. Ukweli ni kwamba amebadilisha kazi.

Mwaka 1989 Wangila alivuka. Alikwenda Marekani, ambako ndiko kwenye soko kubwa la ngumi duniani, na kuanza kupigana kwa malipo. Soko hilo lina taratibu zake. Bondia mgeni hufika hana jina, hivyo hupewa mapambano ya kumjenga. Akishinda mfululizo hupandishwa kwa wapinzani wagumu, na huko ndiko fedha zinakoanza kuonekana. Lakini fedha hizo haziji mkononi mwake zote. Meneja ana fungu lake, kocha ana lake, kambi ina gharama zake, na kodi ya serikali inasubiri. Bondia akipoteza mapambano mawili matatu, bei yake inashuka, na namna pekee ya kuipandisha ni kukubali kupigana na mtu ambaye pengine asingemkubali angekuwa na uwezo wa kuchagua.

Wangila alipigana mapambano 27 ya kulipwa. Alishinda 22 na kupoteza matano. Hizo si takwimu za bondia dhaifu, ni za mtu aliyekuwa akiheshimika. Lakini ubingwa wa dunia, ambao ndio kila mmoja alidhani ungemfuata baada ya Seoul, hakuupata. Mfaransa Boudouani aliyemwangusha kwenye fainali ndiye aliyekuja kuupata ubingwa wa dunia wa WBA mwaka 1996, akaushikilia hadi mwaka 1999. Aliyeshindwa Seoul akawa bingwa, na aliyeshinda alikuwa kaburini miaka miwili kabla. Mwenye kuzingatia na azingatie.

Usiku wa tarehe 22 Julai, 1994 Wangila alipanda ulingoni jijini Las Vegas kupambana na David Gonzalez. Pambano lilikwenda hadi raundi ya tisa. Hesabu mwenyewe: raundi tisa za dakika tatu tatu ni dakika 27, mara tatu ya pambano refu kuliko yote ya Seoul, na kichwa hakina kinga. Katika raundi hiyo ya tisa mwamuzi Joe Cortez, mmoja wa waamuzi wanaojulikana sana katika ngumi, aliona inatosha, akaingia kati na kulisimamisha pambano. Wangila hakukubali. Alikuwa amesimama kwa miguu yake, anazungumza, na alilalamika kwamba amekatizwa wakati bado anaweza kuendelea.

Alitoka ulingoni kwa miguu. Alipofika kwenye chumba cha kubadilishia nguo alianguka, akapoteza fahamu. Alikimbizwa hospitali, madaktari wakampasua kichwa kujaribu kuuokoa ubongo, lakini haikuwezekana. Tarehe 24 Julai alifariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 26. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wapo watakaouliza: inawezekanaje mtu aliyesimama na kubishana na mwamuzi aanguke dakika chache baadaye? Jibu la madaktari si gumu kulielewa. Ubongo haukufungwa kwa misumari ndani ya fuvu. Umekaa kwenye maji, na kuna mishipa midogo ya damu inayouunganisha na utando unaoufunika. Kichwa kikipigwa kikageuka kwa ghafla, fuvu linatangulia na ubongo unafuata nyuma, na mishipa ile inavutwa. Ikikatika, damu huanza kuvuja taratibu. Kwa muda fulani mtu anaweza kuonekana mzima, anatembea na kuzungumza. Lakini fuvu ni mfupa, halitanuki. Damu ikijaa, ubongo hubanwa, na hapo mtu huanguka. Kwa hiyo, bondia kusema kwamba hajambo si ushahidi wa chochote. Yeye ndiye mtu wa mwisho kujua hali ya ubongo wake.

Ukiitazama habari hii kwa utulivu utaona kwamba katika ukumbi ule wa Las Vegas mtu aliyekuwa rafiki wa kweli wa Wangila alikuwa ni yule aliyemkatiza. Hakuwa anamnyang'anya ushindi, alikuwa anajaribu kumwokoa, na pengine tayari alikuwa amechelewa. Nasi watazamaji huwa tunafanya nini mwamuzi anaposimamisha pambano? Tunazomea. Tunasema ameuza pambano, tunadai fedha zetu. Kila anayezomea anapaswa kukumbuka raundi ya tisa ya Wangila.

Wangila hakuwa wa kwanza. Katika jiji hilo hilo la Las Vegas, Novemba 1982, Mkorea Duk Koo Kim alipigwa na Ray Mancini katika pambano la ubingwa wa dunia na akafariki siku chache baadaye. Kifo kile ndicho kilicholifanya shirikisho la WBC kupunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12. Ni hatua njema, lakini Wangila alifia kwenye raundi ya tisa. Hapa kwetu, mwishoni mwa mwaka 2024, bondia kijana alifariki jijini Dar es Salaam baada ya pambano. Kwa hiyo, asiwepo mtu wa kutuambia kwamba haya ni mambo ya Marekani.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba Wangila alikuwa amesilimu. Alipofariki, suala la maziko yake lilileta mvutano uliofikishwa mahakamani kabla mwili haujastiriwa ardhini. Sitaki kurudia hoja za pande zile, kwani kila mmoja alikuwa na uchungu wake. Lakini lipo funzo ambalo halihusu ngumi peke yake. Hapa Mbeya, Waislamu wengi tunatoka katika familia ambazo baadhi ya ndugu si Waislamu. Baba Mwislamu, mama Mkristo, mjomba anashika mila. Tunaishi vizuri, tunakula pamoja, tunazikana. Ni nani kati yetu ameandika wasia, akawaeleza ndugu zake waziwazi namna anavyotaka kuoshwa, kukafiniwa na kuzikwa? Kijana wa miaka 26 hadhani kama atakufa. Ndiyo maana wasia wake haupo, na jeneza lake linageuka kuwa kesi.

Tukirudi kwenye ngumi zenyewe, lazima tuseme ukweli ambao vijana wetu hawapendi kuusikia. Mwezi Safar mwaka 1408 Hijria, yaani Oktoba 1987, mwaka mmoja kabla ya dhahabu ya Seoul, wanachuoni wa Baraza la Fiqhi lililo chini ya Rabita walikutana Makka katika kikao chao cha kumi. Mojawapo ya mambo waliyoyajadili lilikuwa ngumi. Uamuzi wao ulikuwa kwamba ngumi kama zinavyochezwa katika viwanja vya leo ni haramu. Sababu yao haikuwa kwamba Uislamu unachukia michezo au nguvu. Sababu ni kwamba mchezo huu umejengwa juu ya kila mmoja kuhalalisha mwili wa mwenzake uumizwe, hata kama matokeo yake ni upofu, maradhi ya kudumu ya ubongo au kifo, na aliyepiga hana lawama. Mwislamu hana mamlaka ya kutoa ruhusa ya namna hiyo, kwa sababu mwili wake ni amana, si mali yake ya kuuza. Na inafahamika kuwa Mtume (SAW) alikataza kupiga uso, ilhali katika ngumi uso na kichwa ndiyo shabaha kuu.

Najua jibu litakalokuja haraka. Mbona Muhammad Ali alikuwa bondia, na Waislamu dunia nzima wanajivunia jina lake? Ni kweli. Ali alisimama kidete kwa ajili ya imani yake mwaka 1967, akakubali kunyang'anywa ubingwa kuliko kwenda vitani Vietnam. Tunamheshimu kwa hilo, na tutaendelea kumheshimu. Lakini tuangalie na upande wa pili. Mwaka 1984, akiwa na miaka 42 tu, aligundulika kuwa na ugonjwa wa kutetemeka, na akaishi nao zaidi ya miaka 30 hadi alipofariki mwaka 2016. Msimamo wake ndio uliompa heshima kwetu, na haukuhitaji glovu.

Nirejee hapa Uyole. Jioni ukipita mitaa ya nyuma ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam utawaona vijana wamejaza matambara na mchanga kwenye gunia, wamelining'iniza kwenye mti na kulipiga zamu kwa zamu. Wengine ni watoto wa madrasa zetu. Tangu Hassan Mwakinyo wa Tanga alipomshangaza Sam Eggington jijini Birmingham Septemba 2018, hamasa imekuwa kubwa. Sithubutu kuwadharau. Ukizungumza nao utakuta hawapendi kupigwa, wanapenda kutoka. Mmoja anabeba mizigo ya viazi tangu alfajiri, mwingine ni konda asiye na gari maalumu, wa tatu amemaliza kidato cha nne na hajui aende wapi. Katika macho yao, ngumi ndiyo kazi pekee isiyouliza cheti.

Na hapo ndipo lawama inapotugeukia sisi wakubwa. Ni rahisi kusimama msikitini tukasema haramu, kisha tukavaa viatu tukaondoka. Kijana aliyeambiwa haramu bila kuonyeshwa pa kwenda atarudi kwenye gunia lake kesho. Tunazo ardhi hapa Mbeya, tunacho chuo cha kilimo hapa hapa Uyole, wapo Waislamu wenye maduka, karakana na malori. Kumchukua kijana mmoja ukamfundisha ufundi hakuhitaji harambee wala mgeni rasmi. Na kama nguvu zake zinatafuta mahali pa kutokea, ipo riadha, upo mpira, yapo mazoezi mengi yanayojenga mwili bila kumlenga mtu kichwani.

Kwa wale ambao hawatasikia la mtu, na najua wapo, basi walau waulize maswali ambayo mwenye kuandaa pambano hapendi kuulizwa. Je, daktari yupo ulingoni, au limetajwa jina lake tu? Gari la wagonjwa lipo nje na dereva wake yupo? Hospitali ipi yenye uwezo wa kupasua ubongo iko karibu, na ni mwendo wa saa ngapi? Nani atalipa gharama? Kutoka Uyole hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Wangila aliangukia katika jiji kubwa la Marekani, madaktari bingwa wakampokea usiku ule ule, na bado hawakuweza kumwokoa. Atakayeangukia kwenye ukumbi wa sherehe wa mji mdogo ana matumaini gani? Na mzazi naye aulize, kabla hajaweka saini, kwamba fedha anayoahidiwa mwanawe ni kiasi gani, na itabaki kiasi gani baada ya wakubwa kugawana.

Hadi leo Wangila ndiye Mkenya pekee aliyepata dhahabu ya Olimpiki katika ngumi. Heshima hiyo ni yake na hakuna wa kumnyang'anya. Lakini angekuwa hai leo angekuwa mzee wa makamo, pengine na wajukuu, na kwa hakika angekuwa na mengi ya kuwaambia vijana wanaopiga magunia. Kwa kuwa hayupo, imetulazimu sisi tuyaseme kwa niaba yake.

Mwenyezi Mungu amsamehe makosa yake na amrehemu, na atupe sisi tuliobaki akili ya kuwaongoza vijana wetu kabla hatujaitwa kuwazika.

Wabillahi tawfiq.